Kidole cha Nyokabi

Baba alipofariki, kazi ya kupanga vitu vyake iliniangukia mimi. Ndugu zangu walisema mimi ndiye mwenye moyo mgumu, na sikuwabishia, maana mtu akishakupa sifa kama hiyo huwezi kumrudishia. Niliingia karakana yake pale Molo asubuhi yenye ukungu, nikatoa nje randa, misumeno, koti la mvua lililokauka hadi likaweza kusimama lenyewe, na mkongojo mmoja mpya kabisa, umepigwa msasa na kupakwa vanishi, ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Juu ya kabati nikakuta mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake, kwenye kipande cha flana, kulikuwa na lori la jeshi la plastiki, la kijani, refu kama kiganja changu. Magurudumu yote yalikuwa mahali pake isipokuwa moja la nyuma, lililokuwa limelala pembeni, halijawahi kubandikwa.

Nililinusa. Lilinuka vumbi tu. Lakini pua yangu ilikumbuka yenyewe ile gundi, tamu na kali kwa pamoja, inayopanda hadi katikati ya macho, nami nikakaa kwenye benchi la marehemu nikalia kama mtoto.

Sisi tuliokuwa wadogo wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, tukikutana tunasimuliana njaa na viboko, na kila mmoja anataka hadithi yake iwe ndefu kuliko ya mwenzake. Habari ya vigari vya plastiki sijawahi kumsimulia mtu. Inaanza kama habari ya mtoto aliyebahatika, na watu wangenicheka kabla sijafika mbali.

Tuliishi kwenye shamba la Mzungu upande wa juu wa Molo, ambako pareto ilifunika miteremko kwa maua meupe na baridi iliingia nyumbani bila kubisha hodi. Nyumba zetu za udongo zilipangwa mstari mmoja, tukaziita laini, na tangu hatari ianze laini ilizungushiwa seng'enge na mlinzi akawekwa langoni. Mama alichuma pareto. Baba alikuwa seremala wa shamba, na watu wote, hata Bwana mwenyewe, walimwita Fundi. Mimi aliniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake kama desturi yetu inavyotaka, na alinisikiliza kwa heshima ambayo sijaipata kwa mwanamume mwingine yeyote. Nikimwambia ale, alikula. Nikimwambia amechelewa kurudi, aliniomba radhi.

Bwana alikuwa na mtoto wa kiume aliyepooza miguu kwa ugonjwa. Alitembea kwa vyuma vilivyofungwa kwa mikanda hadi mapajani, na wafanyakazi walimwita Kachuma. Hawakumwita hivyo kwa ubaya, ingawa sidhani kama memsahib, mke wa Bwana, angeliona hivyo. Bibi yake huko Ulaya alimtumia maboksi yenye picha za magari juu yake, na ndani ya boksi gari lilikuwa limevunjwavunjwa. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi, kwamba yule bibi hana adabu, anamtumia mgonjwa vitu vilivyovunjika. Mkono mmoja wa Kachuma nao ulikuwa mnyonge, hawezi kushika kitu kidogo kikatulia. Basi memsahib akaanza kumwita baba jioni jioni, akimaliza kazi ya karakana, akae na Kachuma kwenye veranda wayaunganishe.

Siku nyingine nilitumwa kumpelekea baba koti lake, nikaachwa nikae kwenye ngazi nitazame. Vipande vilikuja vimeshikana kwenye fremu za plastiki. Kachuma alitazama karatasi ya michoro akataja namba, baba akakata kipande kwa kisu, akakwangua kingo, akapaka gundi kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, halafu akavishikanisha viwili kwa vidole bila kupumua. Walizungumza kidogo sana. Nyota nyeupe za ubavuni zililoweshwa kwenye kisahani cha maji mpaka zikateleza zenyewe kutoka kwenye karatasi yake, na hapo Kachuma alicheka kila mara. Mwanzoni yalikuwa magari ya kizamani yenye magurudumu membamba. Baadaye yakaja ya vita: jipu, gari la deraya lenye bunduki juu, kifaru, na mwisho lile lori la kubebea askari.

Baba alirudi nyumbani na gundi kwenye ncha za vidole. Ilikuwa imekauka ikawa ngozi ya pili, nyembamba na nyeupe, na chini ya kucha kulikuwa na rangi ya kijani isiyotoka kwa sabuni ya shamba. Kazi yangu ya jioni ilikuwa kuibandua ile ngozi. Baba alinyoosha mikono mbele ya moto, mimi nikachukua mkono mmoja na rafiki yangu Nyokabi akachukua wa pili, tukabandua polepole ili itoke nzima, na ikitoka nzima ulikuwa na alama za kidole cha baba kwenye kiganja chako. Tuligombania vidole. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndicho kilikuwa na gundi nyingi kuliko vyote, kwa hiyo tulikifanyia zamu, leo changu, kesho cha Nyokabi.

Nyokabi alikaa nyumba ya pili kutoka yetu. Baba yake, Karanja, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa Bwana, mtu mrefu mwenye mzaha mwingi, na yeye na baba walitahiriwa msimu mmoja. Nani asiyejua maana ya hilo kwetu? Mtu wa rika lako akiingia anakaa popote, anakula chochote, na akikutukana unacheka. Karanja alikuja kutazama tukibandua gundi, akamwambia baba kwamba mwanamume mzima ameolewa na vitu vya watoto. Baba akamwambia aende akalale na ng'ombe wake. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Sasa nieleze nilivyoamini, maana bila hilo hamtanielewa. Niliamini kwamba yale magari madogo hukua. Nilikuwa nimemwona ndama akizaliwa bandani akiwa hoi, na baada ya muda akawa fahali anayenipita kimo, na sikuona kwa nini gari lishindwe. Baba alimaliza jipu, na muda si mrefu jipu kama lile likapita barabarani na askari ndani. Alimaliza gari la deraya, na la kweli likaonekana likipanda kuelekea msituni. Niliyaweka hayo pamoja nikapata jibu: magari yote ya Imajensi yalizaliwa pale veranda, mikononi mwa baba. Nyokabi alikubali mara moja. Watoto wengine waliyakimbia magari ya askari na kujificha kwenye pareto, lakini sisi wawili tulisimama kando ya njia tukiyatazama kama mtu anavyotazama mifugo ya kwao.

Nilimwuliza baba kama magari yale yanamtii. Alicheka, akasema gari humtii aliyelitengeneza. Nikamwomba anipandishe kwenye lori, la kweli, twende hadi Nakuru nione treni. Alisema siku moja nitapanda mimi na Nyokabi, na tutakaa mbele karibu na dereva. Nimekuwa nikiyawaza maneno hayo kwa maisha yangu yote, na bado sijui niyaweke wapi.

Wakati huo huo mambo ya wakubwa yalikuwa yanaharibika. Watu wa shamba la jirani walizolewa wote. Mama alizoea kuanza kusema jambo kisha akanitazama akanyamaza. Wazee wa laini waliacha kukaa pamoja jioni, kwa sababu watu watatu wakikaa pamoja ni mkutano, na mkutano ni kizuizini. Karanja alipunguza mzaha. Nilijua neno kiapo, nilijua pia kwamba halitamkwi, na kwa kuwa mama alinikataza vilevile kutamka majina ya sehemu fulani za mwili nikadhani ni mambo ya aina moja.

Jioni moja baba alirudi kutoka veranda akiwa amechangamka. Lori la Kachuma lilikuwa karibu kwisha, limebaki gurudumu moja tu. Kachuma alikuwa amemwambia achukue alipeleke nyumbani tulione, alirudishe kesho walimalize. Tulilipitisha mkono kwa mkono na Nyokabi, kwa uangalifu, tukilinusa. Kisha tukaanza kubandua. Kidole cha shahada kilikuwa na gundi nene isivyo kawaida na doa la kijani kibichi kutoka kucha hadi kiungo cha kwanza. Ilikuwa zamu ya Nyokabi, lakini mama yake akamwita wakafunge mlango kabla ya filimbi ya kuzuia watu kutembea. Nyokabi alimwapisha baba kwamba hatakigusa. Baba akakiinua kidole, akasema kwa uzito wote, "Hiki ni chako. Kitangoja mpaka kesho."

Jua lilikuwa bado halijazama sawasawa pale askari wawili walipokuja kumwambia kuna kazi kwa Bwana. Baba alichukua futi yake ya mbao akamwambia mama labda ni mlango wa banda la ng'ombe umeng'oka tena. Hakurudi kulala. Mama alikaa na mdogo wangu mchanga mapajani, nami nikalala na lori kifuani.

Kulipopambazuka filimbi ilipigwa na homgadi wakapita wakigonga milango kwa marungu. Hao walikuwa watu wetu wenyewe waliopewa silaha na serikali, na waligonga kwa nguvu kuliko Wazungu. Tulipelekwa sote hadi uwanja wa banda la kukaushia pareto. Na pale uwanjani lilikuwa limesimama lori la kijani, lenye turubai, mbao za kukalia ubavuni, na ndoano nyuma, kila kitu mahali nilipokijua. Lilikosa nyota tu, nikadhani bado hazijaloweshwa. Moyo wangu ulifurahi kabisa. Limekua kwa usiku mmoja, nikasema, na leo ndiyo siku.

Tukapangwa mstari, familia kwa familia. Mbele, kwenye kiti cha jikoni cha memsahib, alikaa mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho na mengine ya mikono. Nimesikia watu wakieleza siku hizi kuhusu Gakunia, yule mtu wa gunia aliyewachongea wenzake, jinsi alivyotisha. Alitisha, lakini watu hawakupiga kelele. Nakumbuka kimya na kikohozi, na harufu ya pareto iliyokauka. Ofisa kijana wa Kizungu alisimama kando yake, akatuambia kwa Kiswahili chao cha shamba: "Wewe tembea pole pole. Hapana sema. Yeye nataka ona sura."

Mtu alisimama mbele ya gunia. Gunia likitikisa kichwa, alikwenda kulia. Gunia likinyoosha kidole, homgadi walimshika wakampeleka kwenye lori, na mke na watoto wake wakamfuata, wao wakiambiwa watarudishwa rizavu, ile nchi iliyotengewa watu wetu. Mimi nilisimama nyuma ya mama, na mbele yetu walikuwa Karanja, mkewe na Nyokabi. Mama alikuwa akiwatazama watu wote usoni, mmoja mmoja, akimtafuta baba.

Karanja akasimama mbele ya kiti. Gunia halikufanya lolote. Ofisa akangoja, akainama, akasema jambo karibu na sikio, ingawa gunia halikuwa na tundu hapo. Ndipo mkono wa kulia ukainuka kutoka gotini na kidole kikanyooka. Kilikuwa na ngozi nyeupe iliyokauka, nene, na doa la kijani kutoka kucha hadi kiungo cha kwanza.

Nilikitambua kama ambavyo ningetambua uso wake. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza bila kuona aibu kwa ajili ya yule mtoto, ingawa hakuwa na kosa. Baba hajapotea. Baba yuko hapa, amevaa gunia kwa sababu ya baridi, na ndiye anayechagua nani apande lori lake. Na angeanza na nani kama si rafiki yake? Nilimvuta mama shuka nikaanza kusema, "Ni ba..." Mama alinibana mdomo kwa vidole hadi meno yakaniuma. Aliinama akanong'ona, "Hujaona kitu. Hujaona kitu hata kimoja."

Karanja hakuwa akitazama matundu ya macho kama wengine. Alikuwa akitazama kidole. Alikitazama mpaka homgadi wakamvuta begani, na hata alipokuwa anakwenda alikuwa bado amegeuza shingo. Nyokabi alinitazama mimi. Nilidhani ananionea wivu kwa kuwa baba ni wangu, nikampungia mkono.

Kisha ikawa zamu yetu. Nilisimama wima, nikainua uso ili baba anione vizuri, nikangoja kile kidole. Mkono ulirudi gotini ukalala. Gunia likatikisa kichwa, mara moja, upesi, na ofisa akatuelekeza kulia. Nililia mpaka nikatapika. Wanawake walinihurumia, wakasema mtoto ameelewa. Nilikuwa nalia kwa sababu baba alimchagua Nyokabi akaniacha mimi, na lori likaondoka, na kwenye ubao wa nyuma niliuona mkono wa Nyokabi ukiwa umeshika turubai.

Baba alirudi siku iliyofuata, mchana. Mikono yake ilikuwa imesuguliwa kwa mafuta ya taa na mchanga mpaka ngozi ikatoka, nyekundu, kama nyama. Sikupata gundi popote. Nilimpa maji, akanywa. Nilimwuliza Nyokabi atakuja lini kubandua chake. Baba aliinuka akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba akitazama ukuta, na mama akaniambia nisimuulize tena baba swali lolote. Nilimtii, na hilo pia linaniuma.

Kachuma alituma mpishi mara kadhaa kumwita. Baba alimjibu kwamba macho yake yameanza kuona mbili mbili. Lori halikurudishwa, na kule kwa Bwana hawakulidai. Mama ndiye aliyelitia ndani ya mkebe, sijui kwa nini hakulitupa motoni. Uelewa ulinijia vipande vipande, kila mwaka kimoja, na siku nilipokuwa navyo vyote nilikuwa msichana mkubwa, nimeinama shambani, nikalazimika kukaa chini.

Mama alizungumza nami habari hiyo mara moja tu, akiwa mgonjwa wa kufa. Alisema karibu kila mtu mzima wa ile laini alikuwa amekula kiapo, baba na Karanja wakiwa wameketi pamoja. Alisema jioni ile walimwonyesha baba gunia na lori. "Aliambiwa achague," mama alisema, "akatuchagua." Kisha akageukia ukutani. Mimi nilimchukia baba kwa miaka, na nilimpenda miaka hiyo hiyo, na katika miaka hiyo yote alinipikia chai kila nilipomtembelea.

Uhuru ulipokuja Bwana aliuza shamba, tukapata kiploti karibu na mji wa Molo, baba akafungua karakana yake. Alitengeneza milango, viti, majeneza. Na siku moja Karanja akaingia. Walimwachilia kutoka kizuizini na mguu mmoja uliovunjwa ukaunga vibaya, akawa anaishi Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, kwa Nyokabi, ambaye sasa alikuwa na watoto wake. Nilikuwepo. Baba aliacha randa katikati ya ubao. Karanja alitazama huku na huku, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa kama ilivyo haki ya mtu wa rika, akasema, "Habari ya mikono, Fundi?"

Baba alijibu, "Iko tu. Inafanya kazi."

Karanja akangoja kidogo. Halafu akasema anataka mkongojo. Baba alimchongea kwa mti mzuri, akaufunika kwapani kwa ngozi ya kondoo, akakataa malipo. Tangu siku hiyo Karanja alikuja tena na tena, akipanda gari kutoka Nakuru, mzee wa mguu mbovu, na kila alipokuja alisema mkongojo umelegea, anahitaji mwingine. Alianza na lile lile, habari ya mikono, na baba akajibu lile lile, na wote wawili wakanyamaza mpaka chai ikapoa. Mimi niliamini wamesameheana, au kwamba Karanja hajui. Nilifikiri ni salamu nzuri ya kumpa seremala. Niliona tu kwamba akiondoka alitembelea ule wa zamani, na ule mpya aliubeba begani, nikadhani anautunza kwa ajili ya kanisani.

Karanja alipofariki, baba alichonga jeneza lake peke yake na hakuruhusu fundi mwingine aguse hata msumari. Kwenye mazishi hakwenda. Alisema kifua kinambana.

Basi baada ya kukuta lile lori, nililifunga tena kwenye flana yake nikaenda Kaptembwo. Nyokabi ana chumba kimoja nyuma ya kibanda chake cha mboga. Ni mzee kama mimi, mnene kuliko mimi, na alikuwa akimenya viazi. Aliniambia nikae, akanipa kisu, nikamenya naye. Tuliongea habari za magoti na wajukuu. Mwisho nikafungua kitambaa nikaweka lori juu ya meza.

Hakulishika. Alilitazama, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Kile kidole kilikuwa changu."

Nilisema najua.

"Nilikiona. Na baba yangu alikiona kabla yangu. Ndani ya lori alituambia, mimi na mama, tusimwambie mtu yeyote, kwa sababu wale wa msituni wakijua watawaua nyinyi wote."

Nikamwuliza kwa nini basi alikuwa akija kwetu. Nyokabi alionyesha kwa kisu, nyuma yangu. Nilikuwa nimepita hapo nikiingia na sikuangalia. Mikongojo ilikuwa imesimama ukutani, mmoja kando ya mwingine, kutoka mlangoni hadi kitandani, ngozi za kondoo zikiwa bado nyeupe, chini hakuna hata mmoja ulioguswa na tope. Ule mmoja uliochakaa ulining'inia peke yake kwenye msumari.

"Wa kwanza haukuwahi kuharibika," Nyokabi alisema. "Alitembelea huo mpaka akakufa. Hii mingine ilikuwa njia ya kwenda kwenu. Akirudi namwuliza, 'Amesema?' Ananiambia, 'Bado. Nimemuuliza mikono, ameniambia inafanya kazi. Nitarudi tena.'"

Nilimwuliza baba yake angefanya nini kama baba angesema. Alifikiri, akachukua kiazi kingine.

"Hakuniambia. Nafikiri angekunywa ile chai."

Tulimenya kwa muda. Ndipo nikakumbuka karakana, na ule mkongojo mpya niliouegemeza nje kwenye ukungu nikiwauliza watu ni wa nani. Karanja alikuwa amekufa kabla ya baba kwa miaka, na vanishi ya ule mkongojo ilikuwa bado inanata. Baba aliendelea kuchonga. Alikuwa bado anangoja kuulizwa. Nilimwambia Nyokabi kwamba kuna mmoja zaidi, uko Molo.

Nyokabi hakuniangalia. Alisogeza ndoo kwa mguu, akasogeza na kiti, mpaka pakapatikana nafasi ndogo ukutani, karibu na mlango.

"Basi ulete," alisema. "Ukae na mingine."